Mpangaji wa Muziki katika Mikanda ya Redio

Katika historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania, majina yanayokumbukwa ni ya namna mbili: majina ya bendi na majina ya waimbaji. Ikitajwa Morogoro Jazz, hutajwa papo hapo Mbaraka Mwinshehe. Ikitajwa Cuban Marimba, hutajwa Salum Abdallah. Ikitajwa NUTA Jazz, jina lifuatalo ni la Muhidin Maalim Gurumo. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, kwa kuwa sauti ya mwimbaji ndiyo inayotangulia kufika sikioni mwa msikilizaji, na maneno yake ndiyo yanayobaki moyoni. Lakini kati ya mtunzi aliyeleta wimbo na watu waliousikia iko kazi nyingine, nayo haina sauti yake yenyewe wala haikupata kutangazwa. Ni kazi ya mpangaji wa muziki: yule anayeamua gitaa lipi litangulie, tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zijibu nini, na ni wakati gani wimbo uache mwendo wa pole uingie katika mchemko.

Mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kwa ufundi uliokubaliwa na wenzake wote, ni Michael Enoch, ambaye wapenzi wa dansi walimwita King. Heshima yake kubwa haikuwekwa katika sanamu wala katika kitabu. Iko ndani ya mikanda iliyorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya vinasa sauti. Kwa hiyo habari ya mpangaji huyu ni habari ya redio vilevile, na haiwezekani kuieleza moja na kuiacha nyingine.

Ili nguvu ya redio ifahamike, yafaa itazamwe kutoka mbali na studio. Bombo, katika Wilaya ya Same, ni moja ya kata za milima ya Upare Kusini, safu ambayo kilele chake kirefu, Shengena, hufikia mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Bendi ya watu kumi na zaidi, yenye magitaa na vipaza sauti vinavyohitaji umeme, haikuwa jambo jepesi kuipandisha katika milima kama hiyo. Kijana wa Bombo aliyetaka kuiona bendi kwa macho ilimbidi ashuke: aende Same mjini, au Moshi, au afuate njia ya reli mpaka Tanga, ambako Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa na sifa kubwa. Wengi hawakushuka. Kwao bendi ilikuwa sanduku dogo lenye betri, lililowekwa dirishani mahali pa kupata mawimbi vizuri. Hawakuona nguo za wanamuziki, wala hawakuona nani ameshika ala gani. Walichopata ni mpangilio wa sauti tu. Na mtu asiyeona chochote ndiye aliyeipokea kazi ya mpangaji kwa ukamilifu zaidi, ingawa jina lake hakulijua.

Redio yenyewe ilianza kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza katika mwaka wa 1951, ikasikika kwanza Dar es Salaam na jirani zake. Katika mwaka wa 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mitambo ya masafa mafupi ikawa inaifikia nchi nzima. Katika mwaka wa 1965 chombo hicho kikawa idara ya serikali, kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kati ya tarehe hizo kuna jambo lingine la kukumbukwa: Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema wazi kwamba watu walikuwa wamefundishwa kudharau ngoma na nyimbo zao wenyewe. Tangu hapo redio ya taifa ilipewa kazi ya kukusanya na kueneza muziki wa nchi. Bendi za dansi, ambazo zilikuwa zimezaliwa mjini na zikapenda mno miendo ya kigeni, zilikuta mlango umefunguliwa, lakini kwa sharti la kutafuta sauti yao zenyewe.

Asili ya bendi hizo ni ya mchanganyiko. Katika mwambao, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, vyama vya beni viliiga gwaride na tarumbeta za majeshi, vikafanya mashindano kati ya mtaa na mtaa. Majeshi na polisi waliwafundisha watu kupuliza ala kwa nidhamu, na misheni za Kilutheri za upande wa Kilimanjaro na Upare zilileta tarumbeta za kuongoza nyimbo za ibada. Kuanzia miaka ya 1930 zikaja sahani za muziki wa Cuba zilizotiwa herufi za GV, ambazo ziliwavuta wapenzi wa muziki kutoka Mombasa mpaka Kinshasa. Dar es Salaam Jazz Band, ambayo kuanzishwa kwake huwekwa katika mwaka wa 1932, ni mtoto wa mambo hayo yote. Neno jazz katika jina lake na katika majina ya wenziwe halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye ala za kigeni, inayopiga kwa watu wanaocheza wawili wawili ukumbini.

Michael Enoch alijulikana kwanza katika Dar es Salaam Jazz, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mpiga gitaa la solo. Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa likichukua uongozi uliokuwa wa ala za kupuliza, na bendi nyingi za zamani zilishindwa kuvuka daraja hilo. Enoch aliivusha bendi yake. Lakini sifa yake kuu haikuishia kwenye gitaa. Baadaye alishika saksafoni, na alizifahamu ala nyingine za bendi kiasi cha kuweza kumwelekeza kila mpigaji. Sifa hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuwa mpangaji. Mpiga gitaa asiyejua pumzi ya mpuliza tarumbeta huishia wapi atampa kazi isiyotendeka. Na mpuliza tarumbeta asiyejua vidole vya gitaa atajaza mahali ambapo gitaa lilihitaji nafasi.

Katika mwaka wa 1978 ikaanzishwa Mlimani Park Orchestra, chini ya kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa herufi zake TTTS. Waliokusanyika humo walikuwa watu wenye majina tayari: Gurumo kutoka bendi ya chama cha wafanyakazi, Abel Baltazar, Cosmas Tobias Chidumule, Joseph Mulenga, na baadaye Hassani Rehani Bitchuka. Katika mwaka wa 1983, kampuni hiyo ilipokwisha, bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mtindo wake uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, kama vile bendi ya wafanyakazi ilivyouita wake Msondo. Enoch akawa kiongozi wa muziki katika bendi hiyo, na ndiko ambako ufundi wake wa kupanga ulifikia ukomavu.

Namna wimbo ulivyotengenezwa katika Mlimani Park yastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kazi ya mpangaji ilipo. Mtunzi, ambaye aghalabu alikuwa mwimbaji, alileta maneno na sauti ya kuyaimbia. Hayo yakipatikana, magitaa yalitafuta njia: gitaa la solo likabuni nyuzi zake juu, la pili likajibu katikati, la rithim likashika msingi, besi likatembea chini kwa mwendo wake wenyewe badala ya kufuata tu. Kisha zikaja ala za kupuliza. Hapo mpangaji aliamua: je, tarumbeta na saksafoni zirudie maneno ya mwimbaji, au ziyapinge, au zinyamaze mpaka ubeti uishe? Sehemu ya kwanza ya wimbo ilikuwa ya pole, yenye masimulizi, ili maneno yasikike. Sehemu ya pili ilikuwa ya kuchemka, maneno yakawa mafupi, na ala zikaanza kupishana kwa kasi. Ugumu wote ulikuwa katika mpito kati ya sehemu hizo mbili. Mpito ukija upesi, hadithi hukatwa kabla haijakomaa. Ukichelewa, wachezaji huchoka. Katika nyimbo bora za bendi hiyo, kama vile Neema ya Chidumule, msikilizaji huvushwa bila kutambua ni wapi alipovuka mpaka.

Wakulima wa Upare Kusini wana chombo kinachosaidia kuifahamu kazi hii. Ni ndiva, yaani bwawa dogo la udongo linalojazwa usiku kwa maji ya mfereji, kisha asubuhi likafunguliwa ili maji yaende mashambani kwa zamu. Anayegawa zamu hakuumba maji, wala shamba si lake. Lakini akikosea, shamba moja huoza na jingine hukauka. Mpangaji wa muziki vivyo hivyo. Sauti ni za wenzake, maneno ni ya mtunzi; lililo lake ni zamu. Na bendi yenye waimbaji kadhaa, magitaa matatu, besi, ngoma na safu ya ala za kupuliza haina upungufu wa maji. Hatari yake siku zote ni mafuriko.

Sasa yafaa kurudi studio, kwa maana redio ilibadili kazi ya mpangaji kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni urefu. Sahani ndogo ya santuri, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ilichukua muziki wa dakika tatu au nne kwa kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa katikati, nusu ya kwanza upande mmoja, nusu ya pili upande wa pili. Msikilizaji akalazimika kuinuka na kugeuza sahani mahali pale pale ambapo wimbo ulikuwa unaanza kunoga. Mkanda wa redio haukuwa na sharti hilo. Nyimbo za Mlimani Park zilizorekodiwa na redio ziliweza kuendelea kwa dakika saba, nane au zaidi. Urefu huo ni neema kwa mpangaji hodari, na ni aibu kwa asiye hodari, maana asiyekuwa na la kusema katika dakika ya tano hana pa kujificha.

Njia ya pili ni upigaji wa pamoja. Katika studio za siku hizi kila mpigaji huweza kurekodiwa peke yake kwa siku yake, na makosa yakasahihishwa baadaye kwa mashine. Katika studio za Radio Tanzania za wakati ule bendi iliingia nzima, ikapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi wa mitambo akapima sauti wakati huo huo. Tarumbeta ikikosea katika dakika ya saba, hapakuwa na njia ila kuanza upya au kuliacha kosa likae milele. Kwa hiyo upangaji wote ulipaswa kukamilika kabla ya siku ya kurekodi, katika mazoezi na katika kumbi za usiku, ambako wachezaji kwa miguu yao walionyesha kipi kinafaa. Mkanda haukuwa mahali pa kujaribia. Ulikuwa ushahidi wa kazi iliyokwisha kufanyika.

Njia ya tatu ni ya huzuni kidogo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilizotaka sahani zilitegemea Nairobi. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mlango wa Nairobi ukawa mgumu sana kuuingia. Tangu hapo mkanda wa redio, ambao ulikuwa njia moja kati ya njia kadhaa za kuhifadhi muziki, ukawa karibu njia ya pekee. Mlimani Park ilizaliwa mwaka mmoja tu baada ya mpaka kufungwa. Bendi hiyo, na mpangaji wake, kwa sehemu kubwa viliishi au kufa pamoja na ghala la mikanda ya redio.

Hapo ndipo tofauti na nchi nyingine inapoonekana wazi. Huko Ulaya, redio kadhaa ziliajiri bendi zao zenyewe. Redio ya Cologne nchini Ujerumani, kwa mfano, ina bendi kubwa ya jazz inayolipwa mshahara, na jina la mpangaji huandikwa katika sahani na kutajwa hewani. Radio Tanzania haikuwaajiri Mlimani Park. Bendi za dansi zilimilikiwa na vyama, viwanda, majeshi na mashirika ya umma, na redio iliziita zije kurekodi, ikazilipa malipo madogo ambayo kwa kawaida hayakurudiwa kila wimbo ulipopigwa. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, kwa hiyo mtunzi alijulikana, bendi ilijulikana, mwimbaji alijulikana kwa sauti yake. Mpangaji hakuhusika na ukaguzi wala na utangazaji. Hakuna aliyemnyima heshima kwa makusudi. Hapakuwa tu na mahali pa kuandika jina lake.

Huko Marekani, Billy Strayhorn alimpangia Duke Ellington muziki kuanzia mwaka wa 1939 mpaka alipofariki mwaka wa 1967, na kwa muda mrefu wengi walidhani kazi zake ni za Ellington. Alipokwisha kufa, Ellington aliiingiza bendi yake studio mwaka huo huo, wakarekodi sahani nzima ya nyimbo za marehemu, ili ulimwengu ujue deni lilikuwa la nani. Kitendo hicho ni cha uungwana, lakini chaonyesha pia kwamba tatizo si la Tanzania peke yake. Mahali popote ambapo muziki hupigwa na wengi, yuko mmoja ambaye kazi yake huonekana kuwa ya wote.

Kiswahili chenyewe kina ushauri katika jambo hili, kwani neno mpangaji lina maana mbili. Mpangaji ni yule anayeweka vitu katika utaratibu; na mpangaji ni yule anayekaa katika nyumba ya mwingine kwa kodi. Kwa miaka mingi mpangaji wa muziki wa dansi alitendewa kwa maana ya pili: alionekana kuwa mgeni katika wimbo wa mtunzi, akaondoka bila jina lake kubaki mlangoni. Sheria haikubaliani na mtazamo huo. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka wa 1994, huutambua mpangilio wa muziki kuwa kazi inayolindwa, pasipo kupunguza haki ya mtunzi wa asili. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka wa 1999 yafuata njia hiyo hiyo. Kwa lugha ya nyumba, mpangaji wa muziki ni fundi aliyepandisha kuta, na haki yake haiondoi haki ya mwenye kiwanja.

Yako maoni yanayopinga hoja hii, nayo si ya kupuuzwa. Husemwa kwamba katika bendi za dansi hapakuwa na mpangaji mmoja. Kwamba nyimbo zilipangwa na wote mazoezini, kila mtu akitoa chake, na kumtaja mmoja ni kuwadhulumu kumi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli kwamba nyuzi za gitaa la solo zilibuniwa na mpiga solo mwenyewe, na kwamba Mlimani Park ilikuwa bendi ya majadiliano. Lakini ushirika hauondoi uongozi. Katika mwaka wa 1985 wanamuziki sita, Gurumo na Baltazar miongoni mwao, walihama kwa pamoja kwenda kuunda upya Orchestra Safari Sound. Bendi iliyopoteza watu wazito namna hiyo ingestahili kupoteza na sauti yake. Sikinde ilibaki Sikinde. Waliosikiliza mikanda ya kabla na ya baada walisikia waimbaji na magitaa tofauti, lakini tabia ya ala za kupuliza na adabu ya mpito kutoka pole kwenda mchemko zilibaki zile zile. Jambo linalodumu watu wanapobadilika haliwezi kuelezwa kwa ushirika peke yake. Lazima kuwe na mtu, au watu wachache, walioshika utaratibu. Njia ya haki basi ni kuandika majina yote ya waliopiga na, kando yake, jina la aliyepanga. Kuacha kuandika lolote kwa kuogopa kumwacha mmoja ni kuwaacha wote.

Hatari iliyopo si ndogo. Mkanda wa sumaku huzeeka. Joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam huulegeza, na mashine za kuuchezea huwa chache kila mwaka upitao. Shirika la Utangazaji Tanzania, lililoirithi Radio Tanzania, limerithi pia ghala la mikanda hiyo, na jitihada za kuihamisha katika mitambo ya kisasa zimefanywa. Lakini kuhamisha sauti bila kuhamisha habari zake ni nusu ya kazi. Sauti inaweza kunakiliwa hata miaka ishirini ijayo, mkanda ukiwa bado mzima. Jina la mpangaji halimo ndani ya mkanda. Limo vichwani mwa wanamuziki wazee, nao wanapungua. Gurumo alifariki mwaka wa 2014, na pamoja naye yalikwenda majibu ya maswali ambayo hakuulizwa.

Kwa wanafunzi wa historia, hii ni kazi iliyo karibu na inayowezekana. Orodha ya nyimbo ipo. Wazee wachache waliokuwa studio wapo. Wapo pia wasikilizaji wa zamani, katika Bombo na katika vijiji mfano wake, ambao hukumbuka ni mwaka gani wimbo fulani ulianza kusikika, kwa sababu ulikuwa mwaka wa njaa, au wa harusi, au wa vita vya Kagera. Ushahidi wa aina hizo tatu ukikutanishwa, jalada tupu la mkanda huweza kujazwa: bendi, mtunzi, waimbaji, wapigaji, mwaka, na mpangaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Michael Enoch alicheza kwao. Daftari ndilo lililobaki.